Mjumbe Asiyerudi na Jibu: Kura ya Mbunge na Lugha ya Mpigakura

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Aghalabu tunautumia usemi huu kumkinga aletaye habari zisizopendeza, asije akaadhibiwa kwa makosa ya waliomtuma. Hata hivyo, tukiutazama kwa makini, tutaona kuwa ndani yake mna sharti tusilolitaja. Mjumbe anastahili kinga hiyo kwa sababu amekwenda alikotumwa, akasema aliyoagizwa, kisha akarudi na jibu. Aliyekwenda asirudi, au akarudi akasimulia mambo mengine kabisa huku ujumbe akiufungia moyoni, ameacha kuwa mjumbe. Huyo ni msafiri aliyegharimiwa nauli.

Katika makala haya ninadai kuwa mbunge wa Kenya, kwa kiasi kikubwa, ni mjumbe wa aina hiyo ya pili. Sisemi kwamba haonekani. Tunamwona matangani, harusini, kanisani, msikitini na katika siku za wazazi shuleni. Sisemi kwamba hasemi pia. Maneno anayo tele. Ninachodai ni kwamba neno lake zito kuliko yote, yaani kura anayoipiga ndani ya Bunge, ndilo asilolirudisha kwa waliomtuma. Na sababu mojawapo ya hali hii inatuhusu sisi moja kwa moja, wasomi na walimu wa Kiswahili: kumbukumbu za kura hiyo zimehifadhiwa katika umbo na lugha ambayo mpigakura wa kawaida hawezi kuifikia.

Tuanze na maneno yenyewe, maana ndiyo taaluma yetu. Mwakilishi ni neno lililonyambuliwa kutokana na wakili, na wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Wakili hana jambo lake mwenyewe katika shauri analolisimamia. Ana la mteja. Akisimama mahakamani akakubali shtaka kwa niaba ya mteja asiyejua kinachoendelea, sote tutasema amemsaliti. Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa Bunge la Taifa linawawakilisha wananchi wa maeneobunge, na Kifungu cha 73 kinaeleza kuwa mamlaka aliyopewa afisa wa umma ni amana. Kwa hiyo dhana ya uwakili tayari imo katika sheria kuu ya nchi kama ilivyomo katika lugha.

Neno la pili ni kura. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kubahatisha: kura ilipigwa ili kuamua nani apate fungu gani, na mpaka leo watu hupiga kura kugawana zamu. Baadaye neno hilo lilibebeshwa maana ya kisiasa, nasi tukalitumia kwa mambo mawili yaliyo tofauti kabisa. La kwanza ni kura ya mwananchi kituoni, ambayo kwa mujibu wa Kifungu cha 38 ni ya siri. La pili ni kura ya mbunge Bungeni, ambayo kwa mantiki ya uwakili haiwezi kuwa siri ya mbunge dhidi ya mpigakura wake. Mwananchi anapiga kura kwa niaba ya nafsi yake. Hadaiwi maelezo na yeyote. Mbunge anapiga kura kwa niaba ya maelfu ya watu. Anadaiwa maelezo na kila mmoja wao. Lugha imezipa kura hizi jina moja, na yamkini ndiyo maana baadhi ya waheshimiwa hukasirika wanapoulizwa walivyopiga kura, kana kwamba wameulizwa siri ya kitanda.

Je, kura hiyo hupigwa vipi? Mswada husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa tu. Ukisomwa mara ya pili, wabunge hujadili misingi yake na kuamua kama uendelee. Kisha huingia katika Kamati ya Bunge Zima, ambako vifungu hupitiwa kimoja kimoja na marekebisho hufanywa. Hatimaye husomwa mara ya tatu, na hapo uamuzi wa mwisho hutolewa. Katika hatua nyingi kati ya hizi uamuzi hufanywa kwa sauti. Spika huwauliza wanaokubali, nao hujibu kwa pamoja. Huwauliza wanaopinga, nao hujibu vilevile. Kisha yeye hupima kwa sikio lake upande uliozidi. Katika utaratibu huu hakuna jina linaloandikwa. Majina huandikwa pale tu ambapo wabunge wamedai kura ya mgawanyiko, au ambapo Katiba inahitaji idadi maalumu ya kura.

Mwanafasihi akiutazama utaratibu wa kura ya sauti atakumbuka jambo moja kuhusu washairi wetu wa jadi. Wengi wao, wanapofikia beti za tamati, hutaja jina lao, pengine na mji wao pia, ili msomaji ajue aliyetamka maneno hayo na aweze kumjibu. Malumbano ya kishairi yaliyopamba pwani yetu kwa karne kadhaa yasingewezekana pasipo desturi hiyo, maana huwezi kulumbana na asiyejitaja. Kura ya sauti ni shairi lisilo na mtunzi. Limesikika, limeandikwa, limekuwa sheria inayomtoza mja kodi, lakini ukiuliza nani alilitunga utaambiwa ni Bunge. Na Bunge halina eneo ambalo mtu anaweza kwenda kuligongea mlango.

Kura ya mgawanyiko ndiyo hutuonyesha sura. Mfano ulio hai zaidi ni wa Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 20 Juni 2024, uliposomwa mara ya pili, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Tarehe 25 Juni, uliposomwa mara ya tatu, waliouunga mkono walikuwa 195, waliopinga 106, na kura 3 ziliharibika. Siku hiyo hiyo vijana waliokuwa wakiandamana waliingia katika majengo ya Bunge, risasi zikafyatuliwa, na watu wakapoteza maisha. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hangeutia sahihi mswada huo. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 21 Juni 2023, pendekezo la mswada wa fedha wa mwaka huo la kupandisha kodi ya thamani ya ziada kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 lilikuwa limepita kwa kura 184 dhidi ya 88, na mswada huo ukaanzisha pia makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba.

Tuzikague takwimu hizi kidogo. Bunge la Taifa lina viti 349 pasipo kumhesabu Spika: 290 vya maeneobunge, 47 vya wawakilishi wanawake wa kaunti, na 12 vya walioteuliwa. Tukijumlisha kura zote za tarehe 25 Juni 2024 tunapata 304. Kuna viti 45 ambavyo havikusema ndiyo wala la. Katika kura ya Juni 2023 viti visivyohesabiwa upande wowote vilikuwa 77. Baadhi ya waliokosekana huenda walikuwa na udhuru wa haki: ugonjwa, msiba, au safari ya kikazi. Lakini mpigakura atajuaje? Katika fasihi tunafundishwa kuwa kimya cha mhusika nacho ni usemi, na kwamba msomaji makini hupaswa kukifasiri. Mbunge aliyetoka ukumbini dakika chache kabla ya kura amesema jambo. Tatizo ni kwamba amelisema mahali ambapo waliomtuma hawakuweza kumsikia.

Takwimu hizo zinatufunza jambo jingine pia. Kura za kuunga mkono zilipungua kutoka 204 hadi 195 ndani ya siku tano, na za kupinga zikapungua kutoka 115 hadi 106. Hivyo basi si sawa kumhukumu mbunge kwa kura moja iliyotolewa katika muktadha wake. Mtu anaweza kuunga mkono usomaji wa pili ili apate nafasi ya kurekebisha kifungu katika Kamati, halafu akapinga usomaji wa tatu baada ya marekebisho yake kukataliwa. Mwingine anaweza kufanya kinyume cha hayo. Rekodi ya kura ni matini, na kama matini nyingine yoyote inahitaji ufafanuzi. Ila ufafanuzi hauwezi kuanza kabla ya matini kumfikia msomaji.

Hapa ndipo tunapofikia suala la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 120 kinasema kuwa lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu hicho kinaendelea kusema kuwa endapo matoleo ya sheria moja katika lugha mbalimbali yatatofautiana, toleo lililotiwa sahihi na Rais ndilo litakaloshinda. Wana-Kiswahili wenzangu, hebu tuyasome maneno hayo tena. Waandishi wa Katiba walitarajia kuwa sheria ingekuwa na matoleo zaidi ya moja. Walikwisha kutengeneza njia ya kutatua mgongano kati yao. Lakini mgongano wenyewe ni nadra kutokea, kwa kuwa kwa kawaida hakuna toleo la pili la kugongana na la kwanza. Miswada huandikwa kwa Kiingereza, hujadiliwa zaidi kwa Kiingereza, na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, humnukuu kila mbunge katika lugha aliyoitumia. Kwa kuwa wengi hutumia Kiingereza, kumbukumbu zetu ni za Kiingereza zenye visiwa vya Kiswahili hapa na pale.

Si kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Mnamo Julai 1974, Rais Jomo Kenyatta aliagiza kuwa Kiswahili kitumike Bungeni, na Katiba ya wakati huo ikarekebishwa. Lakini mnamo 1975 ilikubaliwa kuwa miswada iendelee kuandikwa kwa Kiingereza, na kufikia 1979 Kiingereza kilikuwa kimerudishwa katika mijadala pia, kikaambatana na Kiswahili. Watafiti wa sera ya lugha wameeleza sababu nyingi za kurudi nyuma huko. Mimi nitaongeza moja tu: maagizo yalihusu lugha ya kuzungumza, yakaiacha lugha ya kuandika. Mbunge alitakiwa kujadili kwa Kiswahili mswada aliousoma kwa Kiingereza. Huo ulikuwa mzigo wa tafsiri aliotwishwa kila mtu peke yake, papo kwa papo, na haishangazi kuwa wengi waliutua.

Matokeo yake ni kuwa mbunge wetu ana ndimi mbili. Ulimi wa kwanza ni wa Bungeni. Unazungumza Kiingereza cha vifungu na vipengele. Ulimi wa pili ni wa mashinani. Unazungumza Kiswahili au lugha ya mama, umejaa vichekesho, methali na nyimbo. Mtu kuwa na ndimi mbili si kosa, maana kila Mkenya ni mjuzi wa kuhamisha msimbo kulingana na mahali alipo. Kosa ni kuwa habari za ulimi wa kwanza hazivuki kufika kwenye ulimi wa pili. Msikilize mheshimiwa akihutubia matangani. Atazungumzia basari zilizotolewa, madarasa yaliyojengwa, kilomita za barabara zilizowekwa lami, na mahasimu wake wa kisiasa. Ni mara chache sana utamsikia akisema: wiki iliyopita palikuwa na mswada huu, mimi nilipiga kura hivi, na sababu zangu ni hizi.

Ipo sababu ya kihistoria. Tangu kuanzishwa kwa Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge mnamo 2003, mbunge amekuwa na fedha za kuonyesha kwa macho. Darasa lina ukuta na paa, na juu ya mlango jina linaweza kuandikwa. Kura haina paa. Basi mwananchi amezoezwa kumpima mbunge kwa kile anachopokea kutoka kwake, wala si kwa kile anachotozwa kwa idhini yake. Lakini tufanye hesabu ya kawaida. Mzazi anapata basari mara moja kwa mwaka, ikiwa jina lake limefika. Mafuta ya taa, nauli ya matatu na unga uliosafirishwa kwa lori anavilipia kila siku. Kura moja ya kodi inaweza kumnyang'anya polepole zaidi ya alichopewa hadharani huku akipigiwa makofi. Iwapo amejulishwa basari na hakujulishwa kura, ameonyeshwa nusu ya daftari la mwenye duka: ile nusu ya alichokopeshwa, bila ile ya alichokatwa.

Wasomaji wa Shaaban Robert wataikumbuka riwaya ya Kusadikika, iliyochapishwa mara ya kwanza mnamo 1951. Humo Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali. Kila mjumbe alirudi na habari za manufaa kwa nchi yake, na kila mmoja aliishia kifungoni kwa kuileta. Tumezoea kuisoma kazi hiyo kama lawama kwa watawala wasiotaka kusikia ukweli, nayo ni lawama kweli. Lakini tukiileta katika hali yetu tunaona sura iliyogeuzwa. Kule, wajumbe walirudi na taarifa na watawala wakawaadhibu. Huku, wajumbe hawarudi na taarifa, nasi tuliowatuma tunawavika mashada. Kule kosa lilikuwa la baraza lililoziba masikio. Huku kosa ni la mjumbe aliyefumba kinywa, na sehemu yake ni la aliyemtuma na kusahau kumuuliza.

Najua hoja zitakazotolewa kupinga mtazamo huu, na baadhi yake zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kuwa mbunge hupiga kura kwa maelekezo ya chama, na kwamba kiranja wa chama anaweza kumwadhibu mkaidi kwa kumwondoa katika kamati. Kwa hiyo, inasemwa, kumdai maelezo ni kumdai asichokimiliki. Ni kweli kuwa shinikizo hilo lipo. Lakini hoja hii inaposukumwa hadi mwisho wake inaunga mkono ninachokisema. Mbunge aliyekaidi amri ya chama kwa ajili ya watu wake ana ngao moja tu, nayo ni watu wenyewe. Wasipojua alichokifanya, hawawezi kumtetea. Usiri haumlindi mbunge jasiri. Humlinda mtiifu kwa chama na kumwacha jasiri peke yake.

Hoja ya pili ni kuwa mwananchi hana haja na mambo hayo; anachouliza ni basari na barabara. Hoja hii ilivunjwa na matukio ya Juni 2024. Vijana waliuchambua mswada mrefu wa fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa lugha nyingi za jamii zetu na kwa lugha ya ishara, wakausambaza kupitia simu. Baada ya kura, majina ya waliosema ndiyo na waliosema la yalisambaa nchi nzima. Nambari za simu za wabunge zilipitishwa mkono kwa mkono, na waheshimiwa wakalalamika kuwa simu zao zimefurika ujumbe. Tunaweza kujadili kama njia hiyo ya kuwafikia ilikuwa ya adabu. Hatuwezi kujadili kama hamu ilikuwapo. Aliyesema mwananchi hataki kujua alikuwa hajawahi kumweleza kwa lugha anayoielewa.

Hapo pana funzo zito kwetu. Kazi ya kutafsiri mswada huo haikufanywa na idara ya serikali, wala na chama chetu wala kingine kama chetu. Ilifanywa na vijana wasiolipwa, kwa haraka, usiku kucha, pasipo istilahi zilizokubaliwa. Mmoja aliita jambo tozo, mwingine ushuru, wa tatu kodi, ilhali maneno haya yanaweza kutofautishwa kisheria. Walikosea pale na pale, lakini walikuwa uwanjani. Sisi tulio na shahada za isimu na tafsiri tulikuwa wapi?

Hoja ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi: kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha kwa mambo ya sheria na bajeti. Hoja hii imechakaa. Jirani zetu wa Tanzania wameendesha mijadala ya Bunge kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Mswada, hoja, akidi, kifungu, marekebisho na makadirio ya matumizi ni maneno ya kila siku kwao. Hapa kwetu Katiba yenyewe ina toleo la Kiswahili. Tena taarifa ninayoizungumzia haihitaji msamiati wa wanasheria. Inahitaji sentensi chache zilizonyooka: siku fulani palikuwa na mswada fulani, ungefanya jambo hili na hili katika maisha yako, nilipiga kura hivi, sababu yangu ni hii, kama sikuwapo, nilikuwa mahali fulani. Mtu aliyehitimu kidato cha nne anaweza kuiandika, na aliyeishia darasa la nane anaweza kuielewa ikisomwa barazani.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wa sheria tulizo nazo.

Mosi, kura ya kila mswada unaohusu kodi, mikopo ya taifa au haki za raia ipigwe kwa mgawanyiko, majina yaandikwe, na orodha ichapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja na majina ya wasiokuwapo. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Uwazi wa mlango usio na ngazi haumfai aliye chini. Wananchi wana haki ya kuwasilisha ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119, na hakuna kinachozuia ombi hilo kuandikwa kwa Kiswahili na kutoka kwa chama cha wanafunzi.

Pili, kila mbunge atoe katika eneobunge lake taarifa ya maandishi ya kura zake, angalau mara moja kila kikao kikuu kinapomalizika. Ofisi za maeneobunge zipo na watumishi wake hulipwa kwa fedha za umma. Taarifa ibandikwe katika ofisi hiyo, katika ofisi za machifu, masokoni na maktabani, na isomwe katika redio za jamii. Kifungu cha 104 kinawapa wapigakura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula wake kwisha. Sheria iliyotungwa kutekeleza haki hiyo iliwekewa masharti magumu kiasi kwamba mnamo 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi yake. Lakini hata sheria nyepesi kuliko zote haitafaa kitu ikiwa mpigakura hana ushahidi wa kumpima mjumbe wake. Kumhukumu mtu kwa uvumi ni dhuluma, kama ilivyo dhuluma kumsamehe kwa kutojua.

Tatu, na hili ndilo letu, idara za Kiswahili zifanye kumbukumbu za Bunge kuwa sehemu ya masomo. Mwanafunzi wa tafsiri anayefanya mazoezi kwa vifungu vya hadithi za kigeni anaweza vilevile kufanya mazoezi kwa mswada ulio Bungeni wiki hii. Mwanafunzi wa isimu-jamii anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kulinganisha hotuba ya mbunge mmoja katika Hansadi na hotuba yake mashinani kuhusu jambo lilo hilo. Mwanafunzi wa istilahi anaweza kutupatia faharasa fupi ya maneno ya kodi na bajeti, ili atakayetafsiri mswada ujao asibahatishe usiku wa manane. Na sisi wa fasihi, tuliofunzwa kumpima mhusika kwa kauli yake, kwa matendo yake na kwa kimya chake, tuna nyenzo zote za kusoma rekodi ya kura kwa haki, bila kumwonea mtu na bila kumpendelea.

Sidai kuwa tafsiri itamfanya mbunge mwovu kuwa mwema. Wapo watakaopiga kura vibaya na kuieleza kwa Kiswahili sanifu kilichopambwa kwa takriri na tashbihi. Ninachodai ni kidogo zaidi, na labda kigumu zaidi: kwamba udanganyifu nao ulazimike kutumia lugha tunayoisikia. Atakayetaka kutudanganya atudanganye machoni, kwa maneno tunayoweza kuyanukuu, kuyaandika na kumrudishia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kudanganywa na kupuuzwa. Aliyedanganywa anaweza kujibu; aliyepuuzwa hana hata swali.

Uchaguzi hutujia kila baada ya miaka mitano, na kila mara tunaambiwa tuchague kwa busara. Busara haichipuki jangwani. Inahitaji habari, na habari inahitaji lugha. Kwa muda mrefu tumekitetea Kiswahili kwa kusema kuwa ni lugha ya umoja, ya utambulisho na ya Afrika nzima. Hayo yote ni kweli na yameshasemwa vya kutosha. Sasa tukitetee kwa kazi: tuanze na orodha moja ya kura, ya mswada mmoja, tuitafsiri, tuichapishe katika jarida letu hili, na tumpelekee kila mbunge aliyetajwa humo nakala yake tukimwomba atupe maelezo yake kwa Kiswahili. Atakayejibu, tutamchapisha neno kwa neno. Asiyejibu, tutaacha nafasi tupu mbele ya jina lake.